Kuziba na Kuzibua: Historia Fupi ya Kizibuo, na Funzo Lake kwa Mwambao wa Ziwa Mweru

Kiswahili kina vitenzi vinavyotendua kile kilichokwisha kutendwa. Mtu hufunga mlango, kisha huufungua. Hutega mtego, kisha huutegua. Hufuma kitambaa, kisha hukifumua. Vivyo hivyo takataka huziba bomba, na fundi hulizibua. Irabu moja tu, yaani u, imeingia ndani ya neno na kuigeuza maana iwe kinyume chake. Wanasarufi huiita kauli ya kutendua. Kutokana na kuziba tumepata kizibo, kile kinachofunika mdomo wa chupa. Kutokana na kuzibua tumepata kizibuo, chombo cha kuondolea kizuizi. Mafundi wengi watakuambia "plunja" au "pampu ya choo", nao hawakosei, kwa kuwa ndivyo mtaa unavyosema. Katika makala haya nitatumia neno kizibuo kwa kile kikombe cha mpira chenye mpini wa mti au wa plastiki, kinachosimama kwa unyenyekevu katika pembe ya choo.

Huenda ukauliza: chombo hiki duni kina historia gani ya kumfundisha mwananchi? Kina historia ndefu. Historia hiyo inapita London na New York, inagusa misitu ya Kongo na kisiwa cha Unguja, kisha inafika Nchelenge, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia. Nami nina hoja moja ninayotaka uondoke nayo: kuzibua si kuondoa uchafu, bali ni kuusogeza. Kwa hiyo anayetaka kuchagua kizibuo kinachofaa hana budi kujua kwanza uchafu wa nyumba yake unakwenda wapi.

Mwambao tunaouzungumzia

Nchelenge ni mji na ni wilaya pia, katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Uko upande wa mashariki wa Ziwa Mweru. Jirani yake kabisa ni Kashikishi, mahali penye soko la samaki na Hospitali ya Mtakatifu Paulo. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 5,000, na sehemu yake ya kusini ni ya kina kifupi. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini. Mto Luvua hutoka kaskazini, karibu na mji wa Pweto, ukaenda kujiunga na Lualaba na hatimaye kuwa sehemu ya Mto Kongo. Tone la maji lililopita Nchelenge linaweza kuishia katika Bahari ya Atlantiki.

Ng'ambo ya ziwa ni nchi ya Kongo. Huko, katika miji kama Kilwa na Pweto, Kiswahili husikika sokoni kila siku. Upande wa Zambia, Kibemba ndicho lugha kuu ya mawasiliano, na choo huitwa icimbusu. Hata hivyo, Kiswahili si mgeni katika upande huo pia. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani ya Afrika Mashariki walifika katika dola la Mwata Kazembe, kusini mwa ziwa, wakitafuta pembe za ndovu na shaba. David Livingstone alipofika huko mwezi Novemba 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa ameishi kwa Kazembe kwa miaka mingi. Basi njia ya kutoka Ziwa Mweru hadi Zanzibar ni ya zamani. Nakuomba uikumbuke njia hiyo, kwa maana tutairudia tutakapozungumza kuhusu maradhi.

Katika mwambao huu utakuta njia tatu za kujisaidia zikiishi pamoja. Ya kwanza ni choo cha shimo, ambacho ndicho cha kaya nyingi. Ya pili ni choo cha maji, kinachovutwa au kumwagiwa maji kwa ndoo, ambacho hupatikana katika hospitali, nyumba za wageni, ofisi na baadhi ya nyumba za watu. Kwa kawaida choo hiki hupeleka uchafu katika shimo la maji taka lililochimbwa kiwanjani. Ya tatu ni kutokuwa na choo kabisa, hali inayomlazimisha mtu kwenda vichakani au ukingoni mwa maji. Kati ya njia hizo tatu, ni moja tu inayohitaji kizibuo. Kwa nini iwe hivyo? Jibu limo katika umbo la bomba.

Mkunjo uliozaa kizibuo

Choo cha shimo hakizibi kwa namna ambayo bomba huziba. Uchafu huanguka moja kwa moja chini. Mababu zetu wa pwani waliufahamu utaratibu huo zamani sana. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi nchini Kenya, ambako James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, nyumba za mawe zilikuwa na vyoo vya shimo ndani yake. Wakazi wa Gedi hawakuhitaji kizibuo, kwa kuwa hapakuwa na kona ya kuzibika.

Kona ilikuja pamoja na choo cha maji. Mwingereza John Harington alieleza choo cha namna hiyo katika kitabu cha mwaka 1596, lakini watu wachache walikitumia, na kero moja kubwa ilibaki: harufu ilipanda kutoka shimoni kwa kulifuata bomba, ikaingia nyumbani. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi wa saa mjini London, alipewa hataza ya choo chenye bomba lililopindwa mfano wa herufi S. Katika mkunjo huo maji kidogo hubaki daima baada ya choo kuvutwa, nayo huwa kama mlango: uchafu hupita, harufu hairudi. Chungulia choo chochote cha maji leo, utayaona maji hayo yametulia chini ya bakuli. Mkunjo wa namna hiyo umo pia chini ya sinki la jikoni na beseni la kunawia.

Hapo ndipo penye kisa chetu. Mkunjo uleule unaozuia harufu ndio unaokamata kitambaa, pedi, mfupa au tope la mafuta. Binadamu alipoupata mlango wa maji, aliupata na mzibo wake.

Baada ya takriban miaka 100 dawa ya mzibo huo ilipatikana. Katika miaka ya 1870 John S. Hawley wa New York alipata hataza ya kikombe cha mpira kilichofungwa kwenye mpini, cha kuzibulia mabeseni ya kunawia. Zingatia neno hilo: mabeseni. Kizibuo cha mwanzo kilibuniwa kwa ajili ya beseni lenye sakafu bapa, na sio kwa ajili ya bakuli la choo. Watu wengi leo hununua kikombe cha namna hiyo, wakakitumia chooni, kisha wakalaumu mpira kwamba haufai. Mpira hauna kosa. Umepelekwa mahali usipokusudiwa.

Mpira na gharama yake

Kikombe hicho kisingewezekana bila mpira ulioimarishwa. Utomvu mbichi wa mpira hulainika na kunata wakati wa joto, na hukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hubaki imara na wenye kunyumbulika, akaja kupata hataza yake mwaka 1844. Tangu hapo mpira ukawa kitu cha viwanda.

Wakati wa Hawley, mpira mwingi wa dunia ulitoka Brazili. Lakini baada ya John Boyd Dunlop kutengeneza tairi la kujazwa upepo mwaka 1888, mahitaji yalipanda kwa kasi, na macho ya wafanyabiashara yakageukia Afrika ya Kati. Mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa amekwisha kujitwalia Dola Huru ya Kongo. Mkataba wa mwaka 1894 kati yake na Uingereza ulipitisha mpaka katika Ziwa Mweru na Mto Luapula, na kwa hiyo ndugu wa ukoo mmoja na lugha moja wakajikuta chini ya serikali mbili. Katika misitu ya Kongo, vijiji vililazimishwa kuleta viwango vya mpira wa mwitu. Walioshindwa walichapwa, walitekwa, walikatwa mikono au waliuawa. Kelele za wapinzani duniani zilipozidi, Ubelgiji iliichukua nchi hiyo kutoka mikononi mwa mfalme mwaka 1908.

Sisemi kwamba kizibuo ndicho kilicholeta mateso hayo. Tairi lilikuwa na njaa kubwa zaidi. Nasema tu kwamba kitu kidogo cha nyumbani kina asili yake, na kwamba raia mwenye elimu huuliza kitu kimetoka wapi kama anavyouliza kinakwenda wapi.

Namna ya kuchagua

Sasa tuingie dukani. Vizibuo vinavyouzwa sana ni vya aina tatu, na kila aina ina mahali pake.

Aina ya kwanza ni kizibuo cha kikombe, mtoto wa kile cha Hawley. Kikombe chake ni kama nusu ya chungwa, na ukingo wake ni bapa. Hiki ni cha sinki la jikoni, beseni la kunawia, bafu, na tundu la maji katika sakafu. Ukingo bapa hushikana vizuri na uso ulio bapa. Hakikisha kikombe ni kipana kuliko tundu unalotaka kulizibua.

Aina ya pili ni kizibuo chenye shingo. Kwa nje hufanana na cha kwanza, lakini ndani ya kikombe imechomoza shingo laini ya mpira. Shingo hiyo huingia katika tundu la bakuli la choo, na kikombe hukaa juu yake. Hiki ndicho kizibuo cha choo cha kukalia. Shingo ikikunjwa kurudi ndani, chombo hugeuka kuwa kikombe cha kawaida. Lakini usikitoe chooni ukakipeleka jikoni. Kila nyumba yenye choo cha maji na sinki iwe na vizibuo viwili, kila kimoja na mahali pake.

Aina ya tatu ni kizibuo cha mikunjo, chenye umbo la mvukuto wa mhunzi. Aghalabu hutengenezwa kwa plastiki ngumu. Nguvu yake ya kusukuma ni kubwa, ila plastiki ngumu haishikani kwa urahisi na bakuli, na mtumiaji mwenye pupa huweza kulikwaruza bakuli lake. Ni chombo cha chooni tu, tena cha mikono iliyozoea.

Vipi kuhusu choo cha kuchuchumaa chenye kumwagiwa maji? Kwanza tazama tundu. Likiwa na mkunjo wenye maji, pima upana wake, kisha tafuta kizibuo chenye shingo inayoingia ndani yake au kikombe kinachokifunika kinywa chake chote. Kikombe kidogo kuliko tundu hutapanya maji machafu na hakizibui chochote.

Kuchagua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutumia. Msingi wake ni huu: hewa hubanika, maji hayabaniki. Kikombe kikijaa hewa, nguvu ya mkono wako hupotea katika kuibana hewa hiyo. Kwa hiyo hakikisha kikombe kimezama majini. Kama maji hayatoshi, ongeza. Kishushe kwa kukiinamisha ili hewa itoke, kisha kisimamishe. Sukuma mara ya kwanza polepole, halafu sukuma na kuvuta kwa mfululizo, mara 15 au 20, bila kukiondoa kikombe mahali pake. Watu wengi husukuma kwa nguvu na kuvuta kwa uvivu, ilhali kule kuvuta ndiko mara nyingi kunakolegeza kizuizi. Ikiwa ni beseni lenye tundu dogo la pembeni la kuzuia mafuriko, liziba kwanza kwa kitambaa kibichi, la sivyo nguvu yako itatokea huko. Usitumie kizibuo baada ya kumimina dawa kali ya kuzibulia, kwa maana itakurukia machoni. Ukimaliza, kioshe kizibuo, kikaushe, na unawe mikono kwa sabuni.

Kinga nayo ni bora kuliko tiba. Katika mwambao wa samaki, sinki la jikoni lina maadui wake maalumu: magamba, mafuta na mchanga. Chujio dogo juu ya tundu na tabia ya kufuta mafuta kwa karatasi kabla ya kuosha sufuria huokoa kazi nyingi. Chooni visiingie pedi, nepi wala vitambaa.

Pale kizibuo kinapokoma

Kuna dalili ambayo kila mwenye nyumba anapaswa kuijua. Tundu moja likiziba na mengine yakapitisha maji vizuri, kizuizi kiko karibu, na kizibuo kinaweza kukifikia. Lakini ukivuta choo na maji yakapanda bafuni, au matundu yote yakilegea kwa pamoja, kizuizi kiko mbele zaidi, katika chemba au katika shimo la maji taka. Hapo kizibuo hakina la kufanya. Chemba hufunguliwa na fundi kwa waya mrefu wa kuzibulia. Shimo lililojaa huhitaji kunyonywa na gari la maji taka. Tena shimo hilo asiingie mtu hata mara moja, kwa kuwa hewa yake huua.

Hapa ndipo turudi London kujifunza. Choo chenye mkunjo wa Cumming kilisafisha hewa ya nyumba. Lakini vyoo vya maji vilipoongezeka katika karne ya 19, maji machafu yalijaza mashimo ya mjini na kumiminwa katika Mto Thames, mto uleule ambao wengi waliupata kuwa chanzo cha maji ya kunywa. Nyumba zilinukia vizuri, mto ukaoza. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu katika mtaa wa Soho kilikuwa kikienea kupitia pampu ya maji ya Broad Street, na mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Katika kiangazi cha 1858 uvundo wa Thames ulifika ndani ya Bunge lenyewe, na wabunge wakaidhinisha haraka fedha za mfumo mkubwa wa mitaro uliojengwa na mhandisi Joseph Bazalgette. Tazama mpangilio wa mambo: choo kilitangulia, mtaro ukachelewa, na kati yao makaburi yalijaa.

Kipindupindu hicho hakikuishia Ulaya. Mlipuko wa mwaka 1869 na 1870 uliua maelfu ya watu Zanzibar, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika kitabu juu yake mwaka 1876. Alionyesha jinsi maradhi hayo yalivyosafiri katika njia za misafara ya Afrika Mashariki. Kumbuka sasa njia niliyokuomba uikumbuke: njia za biashara hupitisha bidhaa, lugha na maradhi bila kubagua.

Zambia imelijua gonjwa hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mlipuko ulioanza Oktoba 2023 na kuendelea mwaka 2024 uliwapata watu zaidi ya 20,000 na kuua zaidi ya 700, wengi wao katika jiji la Lusaka. Wilaya za maziwani, Nchelenge ikiwa miongoni mwao, zimekumbwa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Sababu zake zinaeleweka. Uvuvi katika Ziwa Mweru hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Unapofunguliwa mwezi Machi, mvua bado zinanyesha, na watu humiminika katika kambi za wavuvi. Kambi hizo ni za muda, na vyoo vyake, kama vipo, ni vya muda pia. Mchanga wa ufukweni huporomoka, na maji ya chini yako karibu na uso wa ardhi. Shimo lililochimbwa kwa jasho la wiki nzima laweza kujaa maji kwa usiku mmoja. Na ziwa lilelile linalopokea uchafu ndilo linalotekwa kwa ajili ya kupikia, kuoshea na kunywa.

Sasa linganisha. Mwenye nyumba ya wageni anayezibua choo chake kwa ustadi, huku shimo lake likivuja kuelekea ziwani, amefanya kile kilichofanywa na London kabla ya 1858. Ameusogeza uchafu kutoka mlangoni pake hadi kwenye ndoo ya jirani. Kizibuo chake ni sahihi, ila safari ya uchafu wake si sahihi.

Wajibu ni wa nani?

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika mambo ya usafi, nyufa nyingine ni za nyumba na nyingine ni za umma, na uraia mwema ni kujua kuzitofautisha.

Kilicho ndani ya nyumba ni chako: kizibuo cha aina ifaayo, chujio, sabuni, na nidhamu ya kutotupa takataka chooni. Kilicho kiwanjani ni chako pia, lakini kina masharti ya pamoja. Mwongozo unaotumika sana ni kwamba shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka katika kisima au chanzo cha maji, na kitako chake kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya chini. Pale ambapo maji ya chini yako karibu, choo huinuliwa juu ya ardhi badala ya kuchimbwa chini sana. Wala choo cha shimo si aibu. Katika miaka ya 1970, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Maabara ya Utafiti ya Blair ilibuni choo cha shimo chenye bomba la hewa lililofunikwa wavu juu: upepo huvuta harufu nje, na nzi waliomo shimoni hunaswa wakiufuata mwanga. Choo hicho hakina mkunjo wala hakihitaji kizibuo, na katika vijiji vingi ni chaguo la busara kuliko choo cha maji kisicho na maji.

Kilicho nje ya kiwanja ni cha umma. Sheria ya Zambia ya mwaka 1997 kuhusu maji na usafi iliunda baraza la taifa la kusimamia huduma hizo, NWASCO, na kuzipa mamlaka za wilaya nafasi ya kuunda kampuni za kuzitoa. Mkoa wa Luapula nao una kampuni yake. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi na usafi kuwa haki ya binadamu. Kwa hiyo mkazi wa Nchelenge anapouliza gari la kunyonya maji taka litapatikana wapi, au uchafu ulionyonywa unamwagwa wapi, haombi hisani; anadai haki. Na jamii nayo haikai kusubiri. Mwaka 2007, huko Choma kusini mwa Zambia, ulianza mpango wa vijiji kukaa pamoja, kuitazama hali yao wenyewe, na kuamua kwamba kila kaya itakuwa na choo. Chifu Macha aliuongoza kwa mfano, na eneo lake likasifika. Mpango huo ulienea baadaye katika mikoa mingine.

Mpenzi msomaji, nakuachia maswali matatu ya kujadili na wenzako kwa Kiswahili fasaha. Kwanza, katika nyumba unayoishi, uchafu wa choo huishia wapi hasa, na nani aliyewahi kupaona mahali hapo? Pili, kuna mzibo gani katika mtaa wako ambao hakuna kizibuo cha nyumbani kiwezacho kuuondoa, na ni ofisi ipi yenye wajibu wa kuushughulikia? Tatu, tunga sentensi mbili kwa kila jozi hii: kuziba na kuzibua, kizibo na kizibuo. Kisha nenda ukakitazame kizibuo cha nyumbani kwenu. Kama ni kikombe kitupu na kimewekwa chooni, mwambie mama au baba kwa adabu kwamba mahali pake ni bafuni, nacho choo kinahitaji chenye shingo.